Kijani Chini ya Milia

Juzi nilikuwa napita mjini na haraka zangu, maana mimi sijui kutembea, najua kukimbia tu, nikafika pale wanapoketi wapiga rangi viatu. Mzee mmoja akabandua kifuniko cha mkebe mpya wa polishi nyeusi. Ile harufu ikanishika miguu. Nikasimama katikati ya watu, nimevaa raba za turubai ambazo hazijawahi kuonja polishi, mpaka mzee akaniuliza, "Mama, unaketi ama unaniangalia tu?" Nikaketi. Nikamwomba anisogezee mkebe ninuse. Alinicheka mpaka akaita wenzake, na mimi sikujali, nilinusa.

Mimi ni mchoraji. Picha zangu hazina mtu wala mti wala nyumba. Napaka rangi juu ya rangi, ikikauka napaka nyingine, halafu nachukua msasa nakwangua mpaka zile za chini zianze kuchungulia. Watu huja wakainamisha shingo upande huu, wakainamisha upande ule, wakaniuliza, "Hii sasa ni nini?" Zamani nilikuwa nagombana nao. Siku hizi nawaambia ni punda. Wanadhani nawatania.

Si utani hata kidogo. Nyinyi wa rika langu mliolelewa kwenye nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji, huku Eastlands mtanielewa nikisema kwamba kwetu kulikuwa chumba kimoja, na ndani ya chumba hicho tuliishi watu wanne na ndovu thelathini. Ndovu walikaa chini ya kitanda. Twiga walisimama nyuma ya mlango. Vifaru walilala ndani ya gunia kando ya mtungi wa maji, na ukiamka vibaya asubuhi unakanyaga pembe. Sakafu ilikuwa ya saruji, Mwaitu aliisugua polishi nyekundu kila Jumamosi, na sisi watoto tulitembea mwaka mzima na nyayo nyekundu. Mwaitu ndilo jina tulilomwita mama yetu, kama Wakamba wengine wote.

Baba alikuwa mchongaji. Alitoka Ukambani na tezo moja ya kuchongea akiwa bado kijana, akapata nafasi katika kiwanda cha wachongaji kule upande wa Shauri Moyo, mabati marefu ambapo wanaume waliketi chini mchana kutwa wamebana vigogo kwa nyayo zao. Wao kazi yao ilikuwa kuchonga. Mnyama akishapata miguu na masikio, alitiwa guniani akaletwa nyumbani, na hapo ndipo sisi tulipoingia. Mke na watoto walipiga msasa, wakafuta vumbi, wakapaka. Kifaru na ndovu walipakwa polishi nyeusi ya viatu, wakasuguliwa kwa kitambara mpaka mzungu aape kwamba ni mpingo. Mungu atusamehe, lakini mzungu alifurahi na ndovu hakulalamika.

Punda milia ndiye aliyekuwa na kazi. Huyo alichongwa kwa jakaranda, mti mweupe, na hakutaka polishi; alitaka brashi nyembamba na mkono usiotetemeka. Milia yake ilipakwa kwa rangi nyeusi ya mafuta, mmoja mmoja, kutoka puani hadi mkiani. Na haikupakwa ovyo. Kwenye rafu juu ya meza kulikuwa na punda mmoja mzee, mdogo, sikio moja limemeguka, tuliyemwita Mfano. Punda wote waliotoka nyumbani kwetu walinakiliwa kutoka kwake. Milia mitano shingoni, tisa mwilini, mitatu kila paja. Baba alimchonga Mfano zamani, akiwa bado anafundishwa kazi na mjomba wake, na hakukubali auzwe.

Kaka yangu Mutua ndiye aliyekuwa mtu wa brashi. Mutua aliweza kukaa kwenye kigoda kutoka chai ya asubuhi hadi ya saa kumi bila kujikuna. Mimi nilipewa msasa tu. Mimi sikuwa mtu wa kukaa. Nilikuwa nikipiga msasa punda mguu mmoja, natoka nje kuona nani anapigana bombani, narudi, nasahau ni mguu gani. Jirani yetu Mama Zuhura, ambaye watu wake walikuwa wa Pwani na Kiswahili chake kilitutia aibu sote, alikuwa akichungulia mlangoni na kusema, "Mwanao huyu amekalia siafu nini? Hebu mtazame!"

"Huyo ni wa babake," Mwaitu alijibu. "Mimi nilizaa Mutua."

Na ilikuwa kweli kwamba Baba alinilea kwa mkono mwepesi. Nilipewa jina la mama yake mzazi, kama desturi, na kwa hiyo aliniita Mama. Mwaitu akitaka nichapwe, Baba anakuna kichwa. "Sasa nitamchapaje mama yangu?" Nami nikijua hivyo, nilizidi.

Lakini moyoni nilikuwa na jambo moja nililolitaka kwa dhati, nalo ni ile brashi. Mutua akiichovya kwenye mkebe, na ule mlia wa kwanza ukilala juu ya mti mweupe, mate yalinijaa mdomoni. Niliomba mara nyingi. Baba alinijibu kila mara kwa jibu lile lile: "Brashi inataka mtu anayekaa, Mama."

Halafu Mutua akafaulu mtihani, akaenda shule ya bweni na sanduku lake la bati. Wiki ya pili baada ya yeye kwenda, mwenye duka moja la watalii mjini akaagiza punda milia, dazeni kadhaa, gari lake lingekuja kuwachukua Jumamosi asubuhi. Baba alikuwa ameshakubali ndipo akakumbuka kwamba mkono wa kupaka uko bwenini unasoma jiografia. Mwaitu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Nilimwona Baba akiangalia gunia, akiangalia rafu, akiangalia dari, akiangalia kila kitu isipokuwa mimi.

Mwishowe akaniita. Alinikalisha kwenye kigoda cha Mutua, akaniwekea Mfano mbele ya macho, akaniwekea brashi mkononi na kuvikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

"Sikiza vizuri. Unafuata huyu. Usiongeze, usipunguze. Ukiharibu hii kazi, Mama, haki ya Mungu, hutashika brashi tena kwa hii nyumba. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Mwaitu ni shahidi."

"Mimi simo," Mwaitu alisema.

Hapa lazima niseme ujinga wangu, maana bila huo hamtaelewa yaliyofuata. Mimi sikuwa nimewahi kumwona punda milia. Mbuga iko pale pale mjini, lakini nani angetupeleka? Punda niliyemjua ni yule aliyevuta mkokoteni wa maji, wa kijivu, mwenye vidonda mgongoni na hasira. Niliamini kwamba Baba alimchukua punda huyo, akamwonea huruma, akamremba. Niliamini kwamba milia ni maarifa ya Baba, kama vile mwanamke anavyobuni mtindo wa kusuka nywele. Kitabuni shuleni kulikuwa na picha yake, ndiyo, na nilipoiona nilijawa na fahari. Nilijua aliyeichora alikuwa amefika kiwandani akaona kazi yetu. Ndovu na twiga nao niliwaweka kwenye fungu hilo hilo. Mnyama mwenye shingo ndefu namna ile, nani mwenye akili zake angeamini yupo?

Jumatatu nilipaka vizuri. Jumanne pia. Nilikuwa nikitoka shuleni natupa mkoba, nakaa, na hata Mama Zuhura alikuja kunitazama kama mtu anayetazama ajali. "Ametulia! Jamani, mtoto ametulia!" Nilijivunia sana. Mitano shingoni, tisa mwilini, mitatu pajani. Baba akirudi jioni anawainua mmoja mmoja, anawageuza, anasema, "Haya," na hiyo haya yake nilikwenda kulala nayo.

Jumatano vidole vikaanza kuwasha. Sijui nielezeje. Si kuchoka, ningeweza kupaka hadi Krismasi. Ni kwamba kila mlia nilioupaka ulikuwa umeshapakwa. Nilijua unakoelekea kabla brashi haijafika. Mitano, tisa, mitatu. Miguu yangu ilipiga sakafu yenyewe chini ya kigoda. Na Mfano alikuwa pale mbele, na sikio lake moja, ananitazama kama mwalimu wa zamu. Nikawaza: lakini haya si ni maarifa ya Baba tu? Alipobuni milia, nani alimpa ruhusa?

Alhamisi Mwaitu alikwenda sokoni. Nikachukua punda, nikaanza kama kawaida, mmoja, wawili, na ule wa tatu ukakata kona. Wallahi sikuupinda mimi. Ulikata kona wenyewe ukashuka tumboni ukazunguka mguu. Moyo wangu ulipiga mpaka nikaweka brashi chini nikajishika kifua. Halafu nikaichukua tena. Wa pili nilimtia madoa na mistari ikakutana nayo. Wa tatu nilichota polishi nyekundu ya sakafu kwa kidole. Wa nne nilikoroga bluu ya kufulia mashati ya Baba kwenye kifuniko, nikamwagia mgongoni, ikateremka jinsi ilivyotaka. Sikumbuki kupumua. Sikumbuki kelele za bombani, na mimi hizo kelele sikuwahi kuzikosa. Nilipofika wa kumi na moja, kilichobaki ndani yangu kilikuwa bado kinataka kutoka, na aliyekuwa karibu ni Mfano. Nikamshusha. Nikampaka naye, nyekundu na bluu, toka pua hadi mkia.

Nilikaa muda wa saa nzima bila kuinuka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu nikae hivyo.

Mwaitu alirudi kwanza. Alipiga yowe majirani wakatoka na miiko mikononi. "Ni wa watu hawa! Ni wa watu!" Mama Zuhura alijipenyeza ndani, akaangalia meza, akajifunika mdomo kwa ncha ya leso, na naapa alikuwa anacheka. "Basi dada, si uzuri huu? Huyu wa bluu kama anakwenda arusini." Mwaitu alimwambia atoke na uzuri wake.

Baba akaingia akisukuma baiskeli. Aliiegemeza ukutani. Alimwinua yule wa bluu, akamweka chini, akamwinua Mfano, na akabaki naye.

"Hii ni nini?"

"Ni punda, Baba."

"Punda gani?"

"Wangu."

"Umeona wapi punda ako hivi?"

Na mimi, kwa mdomo ule ambao umeniponza mpaka uzeeni, nikamjibu, "Na wewe uliona wapi mwenye milia?"

Mwaitu alishika kiuno. Nilingoja kofi. Badala yake Baba aliketi polepole ukingoni mwa kitanda, akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba mtoto wake hajui jua.

"Kwetu," alisema. "Niliwaona kwetu. Wakati wa kiangazi walikuja mtoni kunywa na ng'ombe wetu. Wengi, Mama. Tukiwatupia mawe walikimbia, na ile milia yote ikachanganyika hivi, hujui huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi."

"Wa ukweli?"

"Wa ukweli. Wanapumua."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena mpaka leo. Mungu alikuwa ametutangulia. Milia haikuwa yetu. Nilianza kulia, na wote walidhani nalia kwa kuogopa, na sikuwa na maneno ya kuwaambia kwamba nalia kwa sababu nyumba yetu ilikuwa imepungua.

Baba alifungua sanduku la vifaa, akatoa tambara, chupa ya tapentaini na karatasi tatu mpya za msasa, akanipangia mbele. "Kesho huendi shule. Utawafuta hawa wote mpaka waonekane mti. Halafu mimi na Mwaitu tutapaka. Brashi leta." Nikampa. Aliitia mfuko wa juu wa shati, akafunga kifungo.

Ijumaa alfajiri nilikuwa chini tayari. Nilifuta kwa tapentaini, nikapiga msasa. Nataka mnielewe: nilikuwa najuta kwa dhati, nimekusudia kuwa mtoto mwingine kabisa. Lakini macho hayana adabu. Nikipiga msasa, nyekundu iliisha mahali fulani na mahali pengine ikabaki kwenye nyuzi za mti. Bluu iliyokuwa imezama chini ikapanda. Nyeusi ikawa moshi. Kila punda, kabla hajaisha, alipita mahali ambapo alikuwa mzuri kuliko nilivyompaka. Halafu nikamaliza, akawa mti mtupu. Baba na Mwaitu walimchukua kutoka mkononi mwangu bila neno, wakampa milia yake.

Kufikia mchana tulibaki mimi na Mfano. Baba alikuwa mlangoni anafunga gunia apeleke kiwandani wanyama waliokwisha kukauka. Nikamfuta Mfano rangi zangu. Nikafikia milia yake ya zamani, ile mitano ya shingoni, na mkono wangu ukiwa umeshazoea, ukapitiliza. Chini ya milia kukatokea kitu.

Kilikuwa kijani. Si kijani cha majani, wala cha milango ya kanjo. Ni kile unachokikuta ndani ya avokado, pale nyama inapokaribia ganda. Nikapiga msasa kidogo pembeni. Kijani kikaendelea. Hakikuwa mlia, kilikuwa duara limefunguka, likaingia katika duara jingine, likashuka begani. Mtu alikuwa amempaka punda huyu kabla ya milia. Mtu asiyehesabu tisa.

"Baba! Hapa chini kuna kijani!"

Baba aliacha gunia. Alikuja, akamchukua Mfano, akampeleka kwenye mwanga wa mlango. Alimshika hapo kwa muda mrefu, akipitisha kidole gumba shingoni. Sikuuona uso wake, niliuona mgongo tu. Halafu akanirudishia.

"Piga msasa."

"Yote, Baba? Hata hii kijani?"

"Nimesema yote." Alijipapasa mfukoni, akafungua kifungo, akatoa brashi na kuiweka mezani kando yangu. "Halafu umpake milia. Wewe mwenyewe." Akafunga gunia kwenye baiskeli, akaenda zake.

Mimi nikajua mara moja ni jaribio. Ni kama nilimsikia akisema: nione kama umejifunza kutii. Brashi ilikuwa pale, nikinyoosha mkono naigusa. Kijani nacho kilikuwa pale. Nakumbuka nilikilamba. Ndiyo, nilikilamba kwa ulimi, ili nisikisahau, halafu nikachukua karatasi ya msasa iliyobaki na ukali, nikapiga. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Nilipiga mashimo ya masikio na katikati ya miguu, mpaka jasho likanidondoka juu ya mti, mpaka hapakubaki hata uzi wa kijani. Vumbi lilikuwa la rangi ya unga wa dengu kwenye sketi yangu. Nikatoka nje, nikalikung'uta.

Kisha nikapaka. Mitano, tisa, mitatu. Mkono haukutetemeka.

Baba aliporudi alimkuta Mfano kwenye rafu, milia inang'aa, bado mibichi. Alisimama mbele yake. Halafu akanigeukia, na akatabasamu tabasamu ambalo sikuwahi kulipata kwake wala Mutua hakuwahi. Alikuwa kama mtoto mwenzangu.

"Umeelewa," alisema.

"Nimeelewa, Baba."

"Basi brashi ni yako."

Tangu siku hiyo sikukosa rangi. Baba aliniletea masalio ya mikebe kutoka kwa mafundi wote aliowajua, vipande vya mbao, gunia la kuchorea. Alinifunulia jinsi ya kukoroga. Nilipomaliza shule na ukoo mzima ukaketi kuamua kwamba nisomee upigaji taipu, Baba ndiye aliyesema, "Huyu mwacheni na rangi zake. Mimi na huyu tuna siri." Nilidhani ni mzaha wa mzee. Nilidhani siri ni utiifu wangu. Nimejenga maisha yangu yote juu ya siku hiyo, wenzangu, na niliijenga nikiamini kwamba nilipewa brashi kwa sababu nilisikia.

Miaka ikaenda. Tulihamia Njiru, kwenye kiploti chetu wenyewe, na Mfano akapata rafu mpya. Baba alizeeka, mapafu yakamkataa. Vumbi la jakaranda lilikuwa limemjaa. Siku moja mchana, mimi mwenyewe nikiwa na mvi, alinituma kutoka kitandani.

"Mama, niletee Mfano. Na msasa, ile laini."

Nikaleta.

"Piga hapa shingoni. Polepole. Nataka kuona kijani yangu kabla sijaenda."

Nilibaki nimeshika msasa hewani.

"Mjomba aliniambia niifute," alisema, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Nilikuwa kama wewe, mkono hautulii. Akanipa msasa, akasema futa yote. Nikangoja aende, nikapaka milia juu. Hakujua mpaka anakufa. Na wewe ukafanya vile vile! Sikukuonyesha hata. Nilikuachia tu brashi hapo, nikajua, huyu ni damu yangu, ataelewa." Akakohoa. "Piga, Mama. Kwani unangoja nini?"

"Baba," nikasema. "Nilifuta."

"Ulifuta nini?"

"Kijani. Yote. Ulisema yote."

Alinitazama. Nilisikia Mwaitu akikosha sufuria jikoni.

"Ulifuta kweli?"

"Mpaka mti."

"Ai, Mama!" Alijiinua kwa kiwiko. "Maisha yako yote hujawahi kunisikia. Nikisema kaa, unasimama. Nikisema olewa na huyu, unaolewa na yule. Siku moja! Siku moja tu ulinisikia, na ni hiyo?"

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, mpaka ikawa kikohozi, Mwaitu akaja mbio na mikono ya sabuni akiuliza mnachekea nini nyinyi. Mimi sikuwa nacheka. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, guu likavunjika vile vile.

Alipopata pumzi akanifuta uso kwa kiganja chake chenye sugu. "Leta rangi," alisema. "Tuitafute."

Nikaleta kila kitu nilichokuwa nacho. Nilimkorogea kijani kwenye kisahani, nikamshikia usoni. "Si hiyo. Ongeza manjano." Nikaongeza. "Si hiyo." Hakukumbuka alichokoroga ujanani, alikumbuka tu alivyoona. Tulifanya hivyo wiki tatu, kila mchana, visahani vyote vya Mwaitu vikaisha. Siku zingine alisinzia katikati, akazinduka, akafumbua jicho moja: "Si hiyo." Mchana wa mwisho sauti haikutoka tena, alitikisa kidole tu.

Wanaoniuliza hamu ya kuchora naitoa wapi, mbona sichoki, mbona situlii katika umri huu, nami nawajibu ni punda, sasa mnajua. Nina kitu nilichokifuta kwa mikono yangu nikidhani nafanya vyema. Nitatulia vipi?

Na juzi, pale kwa wapiga rangi viatu, pua yangu ikaniambia jambo ambalo akili ilikuwa haijawahi kuliwaza. Kijana mchongaji, hana senti, ana nini karibu ya kutilia giza kijani chake? Nikanunua ule mkebe kwa mzee, ananicheka bado, nikakimbia nao hadi nyumbani. Nikakoroga manjano, bluu ya kufulia kidogo, na ncha ya kisu ya polishi nyeusi. Nikampaka Mfano shingoni, juu ya milia yangu ya utotoni, nikampeleka mlangoni kwenye mwanga kama Baba alivyofanya, nimempa nyumba mgongo.

Si hiyo. Lakini iko karibu, Baba. Haki ya Mungu, iko karibu.